Alama ya Wachochea Moto

Wazee wachache waliobaki Nakuru, wale waliokulia Bondeni na kwenye landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, wakinikumbuka wananikumbuka kwa jambo moja: mimi ndiye mwanamke aliyemmwagia mwanamume mafuta ya moto mkononi, mchana kweupe, watu wakiwa wanangoja bajia. Ni kweli, nilimmwagia. Siandiki haya kutubu, na anayetaka toba yangu atangoja sana. Naandika kwa sababu waliojua kwa nini nilifanya vile wamekwisha, nimebaki peke yangu, na sipendi kuzikwa na wazimu ambao sikuwa nao.

Hasira ninazo, hilo sikatai. Baba yangu, aliyetoka pwani kufuata kazi ya reli na kuoa huku huku, alikuwa akisema kwamba siku niliyozaliwa nilianza kwa kumpiga mkunga teke. Hasira hasara, watu husema. Mimi zangu zimenifaa mara mbili maishani, na mara zote mbili ilikuwa kwa ajili ya mtu mmoja, rafiki wa mume wangu.

Lakini kisa hakianzii kwenye karai. Kinaanzia baharini, kwenye meli ambayo mimi sikupata kuiona.

Mume wangu aliifanyia kazi meli hiyo tangu ujana wake mpaka mvi zilipoanza kumtoka. Ilikuwa meli kubwa ya abiria, nyeusi, yenye dohani mbili, ikitoka Ulaya na kupita Suez mpaka Mombasa, kisha ikiendelea kusini na kurudi. Ndiyo iliyowaleta masetla na mabibi zao na farasi wao na vinanda vyao. Wengi wa Wazungu waliokuwa wakitamba Nakuru walikuja tumboni mwa meli ile, na mume wangu alipowaona wakipita na magari yao barabarani alitema mate kando akasema, "Yule nilimsukuma mimi." Maana yeye alikuwa chini kabisa, chini ya maji, mbele ya boila, kazi yake kulisha tanuri makaa kwa beleshi. Usione vyaelea, vimeundwa, ndivyo tunavyosema. Mume wangu alikuwa akiongeza kwamba vikishaundwa, kuna mtu chini anaungua.

Vita vilipokuja meli ilipakwa rangi ya majivu, vitanda vizuri vikang'olewa, ikabeba askari. Ilipigwa bomu ubavuni ikapona. Vita vilipokwisha ikapakwa nyeusi tena, ikaleta masetla wapya, wale waliopewa mashamba kwa sababu walipigana. Vijana wetu waliopigana nao walirudi na koti la jeshi. Halafu meli ikauzwa kwa wamiliki wengine, boila zikabadilishwa zikawa za mafuta, na mafuta hayahitaji mtu wa beleshi. Wachochea moto waliteremshwa gatini Mombasa asubuhi moja na mabunda yao, na meli ikaondoka bila wao.

Kule chini, nilivyosimuliwa, hakukuwa mahali pa binadamu. Walifanya kazi vifua wazi, kitambaa mdomoni, makaa yakiwarukia. Mtu aliweza kuchanganyikiwa kwa joto akatupa beleshi na kukimbilia juu ili ajirushe baharini, na wenzake walimkamata wakamfunga kamba na kumpiga mpaka akili imrudie. Walipigana kwa jambo lolote. Sikio la kushoto la mume wangu lilikuwa nusu. Nusu nyingine ilibaki kwenye meno ya mtu wa Aden. Na yule rafiki yake, ambaye ndiye mwenye kisa hiki, walijuana kwa kupigana. Waligombania beleshi lenye mpini mzuri, wakapasuana vichwa, wakalala sakafuni wakivuja damu, na walipoamka wakawa ndugu.

Rafiki huyo alikuwa Mkikuyu wa Bahati. Wazazi wake walikuwa maskwota kwenye shamba la Mzungu, na yeye alitoroka akiwa kijana baada ya kumvunja nyapara meno, akashuka na treni mpaka Mombasa, akaajiriwa melini. Alikuwa mtu mnene wa mabega, mpole wa maneno, na mwenye kucheka bila sauti.

Wachochea moto walikuwa na mila yao. Meli ilipovuka ikweta, juu kwenye sitaha abiria walifanya michezo, wakipakana sabuni na kutupana majini, ngoma na vinywaji. Chini nako, aliyekuwa akivuka mara ya kwanza alishikwa na wenzake, na ncha nyekundu ya chuma kirefu cha kukorogea moto ikapitishwa ndani ya mkono wake, chini ya kiwiko. Mstari mmoja, ulionyooka. Aliyekuwa na mstari huo alikuwa na haki mbili. Akianguka kwa joto, mwenye mstari aliye karibu naye humvuta hata kama boila inapasuka. Na maji yakija, mwenye mstari hunywa kwanza, na hunyweshwa na mwenziwe. Waliapa hivyo, kila mmoja kwa Mungu wake.

Palikuwa na Mzungu mmoja aliyekuwa na mstari. Alikuwa fundi mdogo wa mitambo, kijana, na siku moja bomba la mvuke lilipasuka yeye akiwa mbele yake. Rafiki wa mume wangu alimshika ukosi akamburuta katikati ya mvuke, ngozi za miguu yao wote wawili zikibaki kwenye vyuma. Alipopona, yule fundi aliteremka chini mwenyewe, akakunja shati, akasema naye anataka mstari. Rafiki yetu ndiye aliyekishika kile chuma cha moto. Mume wangu alikuwa akicheka akisimulia, "Mzungu alilia kama sisi tu."

Ulimwengu ni mdogo. Baada ya vita fundi yule alipata shamba la pareto ng'ambo ya Bahati. Wachochea moto walipofukuzwa, mume wangu alipata kazi ya kuchochea garimoshi hapa Nakuru, na rafiki yake akaenda kuomba kazi kwa fundi, akapewa kutunza mtambo wa kukaushia maua ya pareto. Jumapili alikuja kwetu. Na hapo nilikuwa nikikasirika, maana hata kwangu, nyumba yangu, mtungi wangu, wale wawili walikuwa wakinyweshana maji kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Hata mama yangu mzazi alikuja siku ya jua kali akakaa na kiu mpaka mabwana wale wamalize upuuzi wao. Niliwahi kukitupa kikombe chao nje.

"Shemeji," rafiki yetu aliniambia akikiokota, "hata ukikivunja tutakunywa kwa viganja."

Halafu ikaja Hali ya Hatari.

Waliokuwa hawajazaliwa hawawezi kuelewa jinsi Nakuru ilivyonuka wakati ule. Malori yalishuka kutoka Bahati, Solai, Subukia, yamejaa Wakikuyu waliofukuzwa mashambani, wanawake wamekalia masufuria, wazee wamefungwa kwa waya mkono kwa mkono. Waliteremshwa kwenye uwanja uliozungushiwa seng'enge karibu na stesheni, wachujwe kabla ya kupakiwa treni. Kuchujwa maana yake ni hivi: unapangwa mstari, unakaguliwa mwili, na mbele yako anakaa mtu aliyevikwa gunia kichwani lenye matundu mawili ya macho. Akitikisa kichwa hivi unapita, akitikisa vile unapelekwa nyuma ya mabati. Mimi niliuza bajia zangu hatua chache kutoka hapo. Nilisikia yaliyokuwa yakitendeka nyuma ya mabati. Mtu mmoja alitolewa akiwa amebebwa na taya limening'inia, na askari aliyembeba alirudi akanunua bajia bila kunawa mikono. Nilimwambia akanawe. Akanitazama, nikamtazama, akaenda kunawa.

Watu wa kiapo, walioapa msituni kupigana na Wazungu, walisemekana kuwa na alama mwilini. Alama gani, hakuna aliyejua kwa hakika, kwa hivyo kila kovu lilikuwa alama. Watu walipigwa kwa sababu ya chanjo ya ndui.

Habari zilinifikia kupitia mwanamke aliyekuwa akiniletea viazi kutoka Bahati. Alishusha gunia lake akaniambia bila kunitazama, "Yule mtu wenu wa meli wamemshika. Wamekunja shati wakaona mkono. Wako naye kwenye ghala ya pareto."

Mume wangu alikuwa ametoka kazini, uso mweusi kwa makaa. Hakuoga. Tulipanda lori la maziwa lililokuwa likirudi shambani, na njiani akasema: "Fundi yuko. Fundi atasema."

Fundi alikuwepo. Alikuwa sasa polisi wa akiba, na bastola kiunoni, amesimama mbele ya ghala na Wazungu wengine kadhaa na homugadi wa kutosha, wale Waafrika waliopewa silaha na serikali. Mkubwa wao alikuwa mgeni, mtu mfupi mwenye ngozi iliyobabuka kwa jua, amekaa kwenye kiti cha turubai. Na rafiki yetu alikuwa chini, amefungwa mikono nyuma kwenye gurudumu la trekta. Sikumtambua mara moja. Jicho moja lilikuwa limefumba kabisa, na vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa vimeelekea kusiko. Suruali ilikuwa imelowa damu na mkojo. Alipotuona alijaribu kusimama, homugadi akampiga teke la mbavu akakaa.

Mume wangu alikunja shati lake. Alionyesha mkono, akaeleza kwa Kiingereza chake cha meli kwamba alama ile ni ya baharini, ya kuvuka ikweta, wote wanayo, si kiapo cha msituni. Yule mkubwa alisikiliza kwa upole kabisa. Kisha akamgeukia fundi, akamwuliza kama ni kweli.

Fundi alitutazama. Nakumbuka macho yake yalivyotua kwa mume wangu, yakaenda kwa yule aliyefungwa kwenye gurudumu, yakakimbia. Akajibu kwa Kiswahili, nadhani ili sisi tusikie vizuri.

"Mimi hapana jua hii maneno. Hapana ona hii kitu hata siku moja."

Mume wangu alimwita kwa jina, jina tupu, bila Bwana mbele yake, kama walivyoitana kule chini. Hapo ndipo homugadi walipomwangukia. Walimpiga kwa virungu mabegani na magotini, na yeye, mtu aliyekula sikio na kuliwa sikio, hakurudisha hata pigo moja, akawa anasema tu, "Mwambie. Mwambie. Si alikuvuta? Mwambie."

Mimi nilikuwa nikimtazama fundi. Jua lilikuwa kali, na wenzake wote walivaa mashati ya mikono mifupi. Yeye alivaa mikono mirefu, vifungo vimefungwa mpaka kwenye kifundo. Mwanamke huona mambo ya nguo. Niliona vile vifungo, na hasira ikanipanda kutoka miguuni mpaka kwenye nywele, nikamrukia. Nilishika shati lake pale kwenye kifundo kwa mikono miwili na kulivuta kwa uzito wangu wote, na wakati huo sikuwa mwembamba. Shati likachanika mpaka begani.

Kitako cha bunduki kilinipata mdomoni. Nilianguka na meno yangu mkononi, lakini sikuufumba mdomo ule. Nilipiga kelele, damu ikinitoka: "Mtazameni! Mtazameni mkono! Na huyu naye amekula kiapo?"

Wakatazama. Mstari ulikuwepo, mweupe, umenyooka, pale pale.

Halafu yule mkubwa akaanza kucheka. Alicheka akapiga paja lake, na Wazungu wengine wakacheka naye, mmoja akamshika fundi mkono na kuugeuzageuza kama anayenunua samaki. Fundi alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Karani aliyekuwa akitafsiri alituambia baadaye kwamba mkubwa alisema mabaharia wote ni watoto. Ikawa mzaha. Kwenye mkono ule ilikuwa mzaha, na mwenye mstari huo huo alikuwa amefungwa kwenye gurudumu, vidole vimevunjwa. Wakamfungua. Walicheka hata walipokuwa wakimfungua. Nimeishi miaka mingi na nimesikia matusi mengi, lakini sauti niliyoichukia kuliko zote ni kicheko kile, na ndicho kilichomwokoa.

Alikaa kwetu, akikojoa damu, akilala kwa ubavu mmoja. Kibanda chake shambani kilichomwa moto jioni ya siku ile ile. Fundi hakutaka kumwona tena. Mke wa rafiki yetu na watoto wake walikuwa wamekwisha kusombwa na malori kupelekwa Nyeri, mahali ambapo watoto hawakupata kupaona. Alitaka kuwafuata. Hilo tu ndilo alilokuwa akitaka duniani. Na njia ya kuwafuata ilikuwa moja: apite kwenye seng'enge pale stesheni, achujwe, apewe kibali, apakiwe treni.

"Watakunja shati tena," alisema. "Na hawa si wale waliocheka."

Kuonekana na alama ile mara ya pili kulikuwa kufa. Alimwomba mume wangu aichome. Alisema kuna moto jikoni, kuna kisu, dakika moja imekwisha.

Mume wangu alisimama kama aliyetukanwa. "Mimi niiondoe? Mimi?" Nilidhani anatania. "Hiyo tuliapa. Ukiifuta umeniacha chini na boila imepasuka."

"Nina watoto, ndugu yangu."

"Na fundi ana shamba! Kila mtu ana lake la kumfanya aikane!"

Akampiga. Alimpiga kofi mtu mwenye mbavu zilizovunjika, kisha akatoka nje akakaa kwenye ngazi akilia kwa hasira. Nampenda mume wangu mpaka leo na yuko kaburini, lakini siku ile alikuwa mpumbavu, na nilimwambia hivyo kupitia dirishani.

Mimi nilikuwa nikifikiri jambo jingine. Jeraha jipya mahali pa kovu ni ushahidi kuliko kovu lenyewe. Wangeuliza, umeungua lini, umeungulia wapi, nani aliona? Watu walikuwa wakijichoma na kujikwangua ngozi, na waliokamatwa hivyo walipelekwa nyuma ya mabati bila kuulizwa la pili. Kwa hivyo ilibidi aungue mbele za watu. Na watu wazuri zaidi wa kuona walikuwa wale askari wa seng'enge wenyewe, ambao kila adhuhuri walisimama mbele ya karai langu.

Nilimweleza jikoni. Alifikiri kidogo, akacheka bila sauti, ingawa kucheka kulimwumiza. "Hakuna atakayeshangaa, shemeji," akasema. "Wote wanakujua." Tulikubaliana tusimwambie mume wangu, maana angezuia.

Adhuhuri ilipofika askari walikuwa pale, na wafanyakazi wa reli, na wapagazi wa stesheni. Mafuta yalikuwa yakitokota. Alikuja, akasimama mbele yangu, akaanza kulalamika kwa sauti kwamba bajia zangu ni za jana, kama tulivyopanga. Nilimjibu. Akanijibu. Watu wakaanza kufurahia. Aliweka mkono wake wa kushoto juu ya meza, shati limepanda, karibu kabisa na karai. Ilikuwa zamu yangu.

Sikuweza. Nilishika upawa umejaa mafuta, nikaushikilia juu ya meza. Nilimwona kama alivyokuwa kwenye gurudumu, nikaona mtu huyu amekwisha kuungua vya kutosha maishani. Mafuta yakawa yanadondokea mezani.

Aliona. Akaniinamia, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Zimeoza kama huo mdomo wako. Nani atakula chakula cha kibogoyo? Bwanako anakulaje usiku?"

Hilo hatukulipanga. Meno yale niliyapoteza kwa ajili yake. Nilijua kwa nini alilisema, nilijua saa ile ile, na bado hasira ilinipanda kwa kweli. Nilimmwagia upawa mzima kutoka kiwiko mpaka kwenye kifundo.

Ngozi ilitoa sauti niliyokuwa nikiisikia kila siku kwenye viazi. Alipiga yowe, akaanguka kwa magoti. Watu walikimbia huku na huku, askari mmoja akaangusha kofia yake. Na mume wangu alikuwa akivuka reli kutoka karakana wakati huo huo. Aliona. Alikuja mbio, akanipiga ngumi kichwani, nikaanguka kwenye makaa na unga, akanipiga tena. Sikujitetea. Kila ngumi ilikuwa shahidi. Askari walinicheka mimi, wakamlaumu mume wangu kwa kuoa chui. Aliyemvuta mume wangu akamwondoa juu yangu alikuwa yule yule wa mkono ulioungua, kwa ule mwingine wenye vidole vilivyovunjika, na alipokuwa akimvuta alimnong'oneza neno. Mume wangu akaacha. Alitazama ule mkono ulivyovimba na kubabuka, pasipo na mstari tena. Kisha akaondoka, na tangu hapo hakusema nasi, mimi wala yeye, ingawa tulilala chumba kimoja na pazia katikati.

Siku ya kuchujwa nilikuwa kwenye karai langu, naona kila kitu kupitia seng'enge. Walimkunja shati. Mzungu akainama juu ya kidonda, akaita, na mtu wa gunia akasogea. Halafu askari mmoja akaanza kucheka na kunyoosha kidole nje, kwangu, na mwingine naye.

"Ni yule mama, bwana! Yule wa bajia! Kichaa huyo! Alimpika huyu mbele yetu sote!"

Mzungu akanitazama. Nilinyanyua upawa juu, nikautikisa kumwelekea, nikatukana kwa sauti. Wakacheka wote. Mtu wa gunia akatikisa kichwa vizuri, na kibali kikagongwa mhuri.

Treni yake ilikuwa ya alasiri, akaruhusiwa kuja nyumbani kuaga. Nilikuwa nimefunga bajia kwenye gazeti kuukuu, za kula njiani. Aliponyoosha mkono kuzipokea alisimama akilitazama lile gazeti, akalifungua, bajia zikamwagika. Palikuwa na picha ya meli. Ilikuwa nyeupe yote, dohani moja tu, kwenye sitaha kuna bwawa la kuogelea na wanawake wamelala juani. Karani wa reli jirani yetu alitusomea: meli ya starehe sasa, inawazungusha matajiri visiwani.

Mume wangu alitoka nyuma ya pazia. Alilichukua gazeti akalipeleka mlangoni kwenye mwanga, akafuata ubavu wa meli kwa kidole mpaka mahali bomu lilipopiga, palipozibwa kwa bamba.

"Ni yeye," akasema.

"Wamempaka nyeupe," rafiki yake akasema. "Wamemkata dohani. Makaa hamna, sisi hatumo. Bado ni yeye?"

Mume wangu alilikunja gazeti, na treni ikapiga honi ya kwanza stesheni. Chumbani tulikuwa mimi, mama yangu aliyekuja kunitazama majeraha, yule karani, na rafiki yetu, mkono wake umefungwa kitambaa. Ilikuwa jua kali na wote tulikuwa na kiu. Mume wangu alikwenda kwenye mtungi, akachota kikombe kimoja. Akampita mama yangu, akanipita mimi. Akamshika rafiki yake kisogo kama ashikwavyo mtu aliyeanguka kwa joto, akamnywesha kwanza.